Ugumu wa Tiba Ukadiriwe Kabla Mashine Haijawashwa

Wafanyabiashara wa vyakula mpakani Tunduma wanaijua Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania kwa cheti cha vipimo vya mionzi kinachofuatana na shehena zao. Wachache wanajua kwamba Tume hiyohiyo, chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003, ndiyo inayosimamia pia mashine za eksirei hospitalini na kuwapimia watumishi kiasi cha mionzi wanachopokea kazini. Gunia la mahindi halina kinywa cha kueleza kilicholipata. Mgonjwa anacho, lakini mara nyingi huanza kueleza akiwa amekwisha kurudi nyumbani, mbele ya mhudumu asiyejua alitibiwa nini huko alikotoka.

Ninazungumzia tiba radiolojia, yaani tiba ambayo daktari hupitisha sindano, waya na mrija mwembamba mwilini akiongozwa na picha, bila upasuaji mkubwa. Nchini mwetu fani hii ni changa. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na Hospitali ya Taifa Muhimbili, kwa kushirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, walianza kuwafundisha madaktari wetu kazi hiyo hapa hapa nyumbani. Ni hatua ya kujivunia. Hata hivyo, kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 za barabara, na umbali huo una uzito katika hoja yangu.

Rai yangu ni hii: ugumu wa kila tiba ya namna hiyo ukadiriwe na kuandikwa kabla mgonjwa hajapanda kitandani, na makadirio hayo yaanzie Songwe, ndani ya barua ya rufaa.

Tuwafikirie kina mama wawili wenye saratani ya mlango wa kizazi iliyobana mirija ya mkojo hata figo zikaanza kushindwa kazi. Wote wanahitaji mrija wa kutolea mkojo kupitia mgongoni. Wa kwanza ni mwembamba, na figo yake imejaa mkojo kiasi cha kuonekana wazi kwa ultrasaundi. Sindano huongozwa na ultrasaundi, ambayo haina mionzi, na eksirei huwashwa kwa muda mfupi tu ili kuthibitisha. Wa pili ana mwili mnene, figo yake imetanuka kidogo mno, uti wake wa mgongo umepinda, na mrija wa awali ulichomoka. Kwake eksirei itawashwa muda mrefu zaidi. Isitoshe, mashine yenyewe huongeza nguvu ya mionzi kila inapokutana na mwili mnene, na mionzi inayotawanyika kutoka kwa mgonjwa kuwaelekea watumishi huongezeka pia.

Katika daftari la idara, wagonjwa hawa wawili huandikwa kwa jina moja la tiba. Anayelinganisha dakika zao atamsifu daktari wa kwanza na kumkaripia wa pili, pengine bila haki. Ubaya zaidi, uzembe wa kweli, kama vile kukanyaga swichi ya eksirei wakati hakuna anayetazama skrini, utajificha ndani ya wastani wa idara nzima. Wenzetu wanaozibua mishipa ya moyo walilitambua jambo hili mapema. Kwa zaidi ya miaka 20 wametumia vigezo vya ugumu: mshipa umepinda kiasi gani, umeziba kabisa au kwa sehemu, penye njia panda au la. Mwaka 2017 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi nayo ilishauri kwamba viwango vya kulinganishia dozi za tiba kama hizi vizingatie ugumu wake.

Nimewahi kusikia pingamizi kwamba kila daktari atakayezidisha mionzi atadai mgonjwa wake alikuwa mgumu. Pingamizi hilo ni la kweli endapo ugumu unaandikwa baada ya kazi. Ndiyo maana nasisitiza uandikwe kabla, na watu wawili, daktari na mtaalamu wa eksirei, kwa maneno yasiyozidi matatu: rahisi, wastani, ngumu, pamoja na sababu. Karatasi ya nusu ukurasa inatosha. Tiba iliyoitwa rahisi ikala mionzi ya tiba ngumu, hapo pana swali la kujibu.

Neno «ngumu» likishaandikwa, lina kazi ya kufanya. Mwanafunzi hataachiwa sindano peke yake. Ngao ya kioo itashushwa, miwani ya risasi itavaliwa, na asiye na kazi karibu na kitanda atarudi nyuma, kwa kuwa mionzi hupungua hadi robo hivi umbali unapokuwa mara mbili. Jicho la daktari halina aproni. Kiwango cha kimataifa kwa lenzi ya jicho la mtumishi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na anayekipuuza kwa miaka mingi anajitafutia mtoto wa jicho. Neno hilo lisitumiwe kamwe kumnyima mgonjwa tiba. Mama asiyetoa mkojo atakufa kwa figo kushindwa kazi mapema kuliko kwa madhara yoyote ya mionzi.

Sasa turudi Tunduma. Mrija wa figo kwa kawaida hutumia mionzi kidogo, lakini hubadilishwa takriban kila miezi mitatu, na dozi hujumlishwa. Tiba ndefu zaidi, kama kuziba mishipa inayolisha uvimbe, zinaweza kuunguza ngozi. Kipimo cha mashine kikifikia grei 5, miongozo ya kimataifa hutaka mgonjwa afuatiliwe ngozi yake. Jeraha hilo halionekani siku ya tiba. Wekundu unaweza kujitokeza baada ya wiki mbili au tatu, na kidonda baadaye zaidi, mara nyingi mgongoni, kwa sababu mionzi hutokea chini ya kitanda. Wakati huo mgonjwa amekwisha kushuka basi Tunduma. Mganga wa zahanati ataona baka la mraba mgongoni, atadhani ni fangasi au mzio, na atampa dawa ya kupaka. Simlaumu, kwani hakuna aliyemwandikia.

Kwa hiyo barua inayotoka Vwawa au Tunduma kwenda juu itaje uzito wa mgonjwa, majibu ya ultrasaundi, upasuaji wa zamani, na idadi ya tiba za eksirei au mionzi alizokwisha kupata, upande gani na lini. Barua inayorudi itaje daraja la ugumu lililoandikwa, dozi iliyosomwa kwenye mashine, sehemu ya ngozi iliyopigwa na mionzi, na namba ya simu ya idara. Nawe mgonjwa, au ndugu unayemsindikiza mgonjwa, iombe karatasi hiyo kabla ya kuondoka wodini, na mwombe mtu wa nyumbani akutazame mgongo kila juma kwa miezi miwili.