Ukiulizwa unakaa wapi, sema Mishomoroni
Na Zuhura Mbarak

Vijana wa mtaani wakiniletea wasifu wao niupitie kabla ya mahojiano ya kazi, mara nyingi nakuta penye makazi pameandikwa Nyali, si Mishomoroni, mtaa wetu wa Kisauni hapa Mombasa. Nikiuliza kwa nini, jibu ni lile lile: "Shangazi, wakiona Mishomoroni watadhani mimi ni wa mapanga."

Hofu hiyo ina msingi. Magenge ya Kisauni yameandikwa sana magazetini, na wachache wametuchafulia jina sote. Hata hivyo nawasihi, msiandike Nyali. Aliyeingia na uongo, hata mdogo, hukaa kitini akiulinda, na wanaomhoji huona hatulii wasijue kwa nini. Ukiulizwa, sema unakaa Mishomoroni, basi. Usijitetee na hakuna aliyekushtaki. Wakizidi kudadisi, waambie utakavyofika kazini: utapanda matatu mapema, kabla foleni ya Daraja la Nyali haijashika. Hilo ndilo linalomhusu mwajiri.

Penye ugumu hasa ni pale wanaposema, "Hebu tueleze wewe ni nani." Sisi Wapwani tumelelewa tukijua mtu hajisifu, husifiwa. Basi kijana huinamisha macho, akataja shule aliyomaliza, akanyamaza. Adabu hiyo naipenda, wala sitaki aiache mlangoni. Asalimu, angoje kuambiwa akae, simu aizime kabisa. Lakini kueleza kazi uliyoifanya kwa mikono yako si majivuno.

Binti mmoja alinishikilia kwamba hana uzoefu wowote. Kumbe tangu yuko shule ndiye anayeshika daftari la mamake, muuza viazi karai: nani kakopa, nani kalipa nusu, unga umeingia kilo ngapi, pesa za simu zinalingana na za mkobani au la. Siku zisipolingana hulala akiwa ameshajua kosa liko wapi. Nikamwambia, mwanangu, kawaeleze hivyo hivyo ulivyonieleza mimi, na daftari ulibebe.

Nanyi mnaokaa upande wa pili wa meza, adabu inawahusu pia. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 5, inakataza kumbagua hata mtu ambaye bado anaomba kazi, iwe kwa kabila, dini, jinsia, asili yake katika jamii, ulemavu au mimba. Mnapomuuliza binti ataolewa lini, au mkatazamana na kucheka mkisikia katoka Mishomoroni, mnampima nini? Na akishaondoka, msimwache wiki nzima akiitazama simu. Kuja kwenu kumemgharimu nauli ya kwenda na kurudi, na pengine kibarua cha siku hiyo. Kama hakufaulu, mwandikieni ujumbe mfupi siku ile ile mnapoamua, ajue kesho atokee wapi.