Nyumba Mgongoni, Wingu Mbele

Yamkini umepata kuyaona magari yale yapitayo Lamadi yakielekea lango la Ndabaka: gari lenye nyumba mgongoni, ndani mna kitanda, meza na jiko, na dirishani limetundikwa pazia. Mtu na mkewe wametoka nalo Ulaya, nao hulala humo kana kwamba wako kwao. Sisi wa Maswa huyatazama, tukasema hayo ni mambo ya wenye nafasi.

Oktoba iliyopita nyumba yetu iliamua kujaribu. Shemeji yangu ana Land Cruiser kuukuu. Tuliondoa viti vya nyuma, tukatandika magodoro, tukatundika kanga iwe pazia. Kina mama na watoto watatu walale ndani, sisi wanaume wawili hemani. Mama yangu, ambaye hata majirani humwita Mayu, aliikataa mikate ya dukani. Alikuja na mfuko wa michembe, karanga, na madumu mawili ya maji, lita 20 kila moja. Nilimcheka.

Kutoka Maswa hadi Bariadi ni kilomita 50 hivi, na kutoka Bariadi hadi Lamadi ni 72, zote za lami. Kutoka hapo Ndabaka haiko mbali. Raia hulipa kwa shilingi, tena sehemu ndogo tu ya akilipacho mgeni. Jambo hili wengi wetu hatulijui, ndiyo maana tunaogopa hata kuuliza. Ukishaingia lami hukoma, mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na usiku hairuhusiwi kutembeza gari.

Mwisho wa kiangazi pori huwa limechoka. Nyasi zimekuwa na rangi ya simba, na mto Grumeti umekatikakatika ukabaki vidimbwi. Lakini ndipo palipo na raha ya macho, kwani wanyama hawana pengine pa kunywa. Huko Kirawira tuliwakuta viboko wamebanana topeni kama abiria wa daladala, na mamba wametulia kando kama magogo. Kundi kubwa la nyumbu wakati huo liko kaskazini, upande wa mto Mara, likingoja mvua lirejee kusini. Hata hivyo ukanda huu wa magharibi una nyumbu wake wasiohama, tena wapo nyamera tele. Jambo ambalo hatukuambiwa na mtu ni mbung'o. Wadudu hawa huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na mwanangu wa kati alikuwa amevaa sweta la shule, la buluu!

Kambi za umma hazina uzio. Usiku fisi walipita karibu na gari, watoto wakachungulia penye kanga huku wameshikana mikono. Mayu aliwasimulia kwamba babu yao alilijua pori kwa miguu, hata kabla Serengeti haijatangazwa kuwa hifadhi mwaka 1951. Yeye mwenyewe, aliyeishi miaka yote hiyo jirani na pori, hakuwa amepata kuingia. Nilinyamaza hemani, maana sikuwa nimewahi kumwuliza.

Siku ya pili mpira wa rejeta ulipasuka. Shemeji aliufunga kwa utepe, na dumu moja la Mayu likamezwa lote. Sikucheka tena.

Jioni hiyo wingu lilisimama mashariki, upande wa Ngorongoro. Mayu alilitazama, akasema alfajiri tuondoke. Nilikataa. Tulikuwa tumelipia siku moja zaidi, na watoto hawajamwona simba. Mayu amelima pamba katika udongo wa mbuga kwa miaka 40. Kiangazi udongo huo mweusi hupasuka ukawa mgumu kama saruji. Ukinyeshewa hugeuka gundi.

"Baba," aliniambia kwa upole, "udongo huu nimeulima. Ukilowa hauliachi jembe, utaliacha gari?"

Mke wangu alikuwa upande wake. Nilisema mengi kuhusu nani mkuu wa safari, maneno ambayo leo nisingependa kuyarudia. Usiku nilitoka kwa kurunzi, nikalitikisa dumu lililobaki. Lilikuwa nusu. Niliwaza watoto watatu wamekwama ndani ya gari, na sisi hatuna ruhusa wala ujasiri wa kutembea kwa miguu kutafuta msaada.

Tuliondoka mara kulipopambazuka. Mvua ilitukuta katika uwanda wa Ndabaka. Kwa kilomita mbili za mwisho gari lilikwenda kiubavu kama kaa, shemeji ameng'ata meno, hakuna aliyesema neno hadi tulipoliona lango.

Lamadi tulikunywa chai. Mdogo alinuna kwa sababu ya simba wake. Mayu alikuwa akitazama nje, mvua ikipiga lami, akauliza kama mbegu za pamba zimekwisha kufika kwenye chama cha msingi.