Kodi ya miaka iliyopita: kunyamaza si kulipa

Wandugu wanamemba wa koperative, mara nyingi katika karatasi hii tunaongea juu ya mbegu, ugonjwa wa mihogo na bei ya maharagwe. Leo nataka tuongee juu ya jambo moja lenye watu wanasemea chini chini: deklarasio za kodi zenye hazikupelekwa, na kodi ya mapato ya miaka ya nyuma yenye haikulipwa. Wazo langu nalisema tangu mwanzo, asiyekubali anijibu. Koperative yenye iko na miaka bila deklarasio isijifiche. Ihesabu, iandike, ijipeleke yenyewe mbele ya kuitwa.

Tuanzie pale deni lilipozaliwa. Tarehe 12 Septemba 2012 inchi yetu iliingia katika sheria za OHADA, na koperative zikapata sheria mpya: watu 5 wanatosha kufungua koperative ya muundo mwepesi, na 15 kwa ile kubwa. Vikundi vya walimaji viliandika statuti, vikatafuta namba ya kodi, mara nyingi juu mnunuzi au mradi fulani uliomba karatasi. Karatasi ikapatikana, mradi ukakuja, tukapiga picha. Mradi ukaisha. Lakini namba ya kodi haikuisha. Kuanzia siku ile, Leta inajua kama kuko mtoto aliyezaliwa Pinga, na kila mwaka inangojea kusikia habari yake.

Halafu vita vikapita. Watu wakakimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Komite ikabadilika, kesie wa zamani akahamia Goma na kaye zake. Hakuna aliyeandika hata barua moja ya kusema: mwaka huu hatukuuza kitu. Na hapa ndipo kosa letu la mawazo liko. Sisi tunafikiri kama hakuna mauzo, hakuna la kusema. Kwa biro ya kodi, kimya si sifuri. Sifuri ni lazima iandikwe, itiwe sahihi na ipelekwe.

Sheria ya taratibu za kodi, ile namba 004/2003 ya tarehe 13 Machi 2003, inafanya kazi hivi: mwenye kupata mapato ndiye anajitangaza mwenyewe. Kwa kampuni na watu wa namna hiyo, deklarasio ya kodi ya faida ya mwaka uliopita inafika mwisho tarehe 30 Aprili. Usipojitangaza, DGI inakutumia barua ya kukuamuru ufanye hivyo. Ukinyamaza tena, biro inakadiria yenyewe mapato yako na kuandika kodi kwa makadirio yake. Kuanzia hapo, wewe ndiye wa kuleta ushahidi kama wamekosea. Na kila mwezi wa kuchelewa unaongeza malipizi juu ya deni. Kwa hiyo deni la kodi haliko kama gunia la mahindi lenye linapungua kwa panya. Linazidi kunenepa wakati sisi tumelala.

Sasa, ni feza ngapi tunaongelea? Wengi wanaogopa kwa sababu hawajapiga hesabu hata siku moja. Sheria ya tarehe 23 Februari 2013 juu ya biashara ndogo iliweka hivi: yule ambaye mauzo yake ya mwaka hayafiki franka 10.000.000 analipa franka 50.000 kwa mwaka, basi. Kutoka hapo mpaka franka 80.000.000, ni 1% ya mauzo kwa vitu, na 2% kwa kazi za huduma. Sheria ya feza ya kila mwaka inaweza kugeuza viwango, kwa hiyo uliza biro kwanza koperative yako iko katika fungu gani kwa kila mwaka wenye unadaiwa. Lakini angalieni ukubwa wake. Tuseme koperative iliuza maharagwe na mafuta ya mawese ya franka 12.000.000: 1% ni franka 120.000. Ni feza, siwezi kusema si feza. Lakini ni feza ambayo wanamemba 60 wanaweza kuitoa kwa franka 2.000 kila mmoja. Kinachoua ni miaka sita ya kimya, malipizi juu yake, na makadirio ya mtu ambaye hajawahi kuona depo yenu.

Na makadirio yana hatari moja ya pekee kwa sisi walimaji. Koperative inakusanya maharagwe ya wanamemba, inapakia lori moja, inauza, halafu inarudishia kila mtu feza yake. Katika ile feza, sehemu ya koperative ni kidogo tu. Lakini kama hakuna kaye yenye inaonyesha kilo za nani na nani alipewa ngapi, mtu wa biro anaona lori nzima kama mauzo yenu. Kaye ya depo, ile tunaacha inalowa na mvua, ndiyo wakili wenu.

Najua majibu yenye watu wanatoa. Nimeyasikia sana katika mikutano, na mengine yana ukweli.

La kwanza: "Sisi tunalipaka kila siku ku bariere, sasa mnataka tulipe mara ngapi?" Ni kweli, na inauma. Mwaka 2017 shirika IPIS la Ubelgiji lilihesabu vizuizi 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Mtu wa Pinga hahitaji ripoti ili ajue hayo. Alishabeba jeton mfukoni, alishasikia "lala salama". Lakini kunyang'anywa si kulipa kodi, na moja haifuti ingine. Kodi iko na vitu vitatu: sheria, karatasi, na konti ya Leta inapoingia. Katiba yetu ya 2006, artikle 174, inasema kodi inawekwa na sheria tu. Kwa takse za jimbo, sekta na sheferi, kuko ordonansi-sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018 yenye inapanga majina yake. Jina lenye halimo, si takse. Simwambii mtu abishane sheria mbele ya bunduki, uhai kwanza. Ninasema muandike kila franka iliyotoka: tarehe, mahali, kiasi, na sababu waliyotaja. Koperative kumi zenye kaye za namna hiyo zinaweza kwenda pamoja na sosiete sivile mbele ya wakubwa na kusema jambo lenye uzito. Koperative yenye kulalamika bila kaye inapiga kelele tu.

La pili: "Leta itatupatia nini? Angalia barabara." Barabara naiona, matope yake nayajua. Na siahidi kama mkilipa kodi mwezi huu, mashine ya barabara itafika mwezi ujao. Lakini Katiba ileile, artikle 175, inasema 40% ya mapato ya Leta ni ya majimbo. Tuko na haki ya kuuliza ile sehemu inakwenda wapi. Artikle 65 nayo inasema kulipa kodi na takse ni wajibu wa kila Mukongomani. Hizi mbili zinakwenda pamoja. Yule asiye katika kitabu anauliza kwa sauti ya chini, juu anaogopa wamugeukie wamuulize yake.

La tatu: "Tulikimbia, stok iliibiwa, hatuna kitu." Basi andikeni hivyo. Mwaka wa vita uandikwe sifuri, na barua ya shefu wa grupma iwekwe pembeni kushuhudia kama depo iliporwa na watu walihama. Mwaka wenye sifuri iliyoandikwa hauwezi kukadiriwa ovyo ovyo kama mwaka wenye hauna karatasi hata moja.

La ine ndilo linanitia hofu zaidi: "Tuache ile koperative, tufungue ingine na jina jipya." Jina jipya, watu walewale, depo ileile, mizani ileile! Koperative haifi kwa kusahauliwa. Iko na njia ya kufungwa kwa sheria, na katika njia hiyo madeni yanalipwa kwanza. Mkikimbia jina, mnaacha nyuma hisa za wanamemba, historia yenu kwa wanunuzi, na pengine karatasi ya kiwanja cha depo. Deni linabaki mlangoni linangojea.

Sasa kazi yenyewe. Komite ikae siku nzima na iandike miaka yote tangu namba ya kodi ilipotoka: mwaka gani una deklarasio, mwaka gani hauna. Kwa miaka yenye haina, tafuteni mauzo katika fakture, kaye ya depo, kopi za wanunuzi, na ujumbe wa feza za simu. Halafu tenganisheni madeni, juu hapa watu wanachanganya vyote. Kodi ya mapato ya koperative ni ya DGI. Kama mnalipa mshahara wa gerani au mlinzi, kuko kodi ya mshahara yenye inakatwa na kupelekwa kila mwezi, na kuko CNSS. Takse za jimbo ni kwa DGRNK. Za sekta na sheferi ziko pembeni.

Kwa Pinga hili la mwisho ni gumu zaidi, kwa sababu mji wetu unagusa teritware mbili: huku Walikale na sekta ya Wanianga, kule Masisi na sheferi ya Bashali. Gunia moja lisilipiwe takse ileile pande mbili kwa sababu tu depo iko huku na shamba liko kule. Wekeni adresi moja ya koperative, ileile katika karatasi zote, na mulinde risiti ya upande mmoja ili muonyeshe upande wa pili.

Mkienda kupeleka deklarasio, musitume mtu mmoja. Tumeni wawili au watatu, na kopi mbili, na mrudi na kopi yenye muhuri. Kodi ya Leta inaingia banki, katika konti ya Leta. Haiingii katika mukono wa ajenti chini ya muti. Kama mnadaiwa kuliko uwezo wenu, andikeni barua: ombeni kulipa kwa sehemu, ombeni malipizi yapunguzwe, na elezeni sababu za vita bila kuongeza chumvi. Safari ni ya gharama, kwa hiyo koperative tatu au ine zinaweza kuajiri mhasibu mmoja na kwenda pamoja. Dawa ya deni ni kulipa, lakini mgonjwa anayejileta mwenyewe anatibiwa vizuri kuliko yule anayekamatwa.

Siwezi kumaliza bila kuwaambia na wengine. Mashirika ya musaada, pamoja na hili lenye linachapa karatasi hii, yanahesabu wanamemba wetu, wanawake wangapi, hekta ngapi. Yanatuombea namba ya kodi siku ya kwanza, halafu hayaulizi tena. Katika bajeti ya mradi kuko feza za bâche na kofia. Kuweko pia feza za mhasibu kwa miaka miwili. Na DGI, kama inataka deklarasio za Pinga, itume watu wake hapa siku ya soko mara moja kwa mwaka, na ibandike viwango ukutani kwa Kiswahili. Mlimaji akijua bei ya kodi kama vile anajua bei ya mafuta, wadanganyifu watakosa kazi.

Lakini tusingojee hayo yote. Deni si la prezida peke yake. Ni la koperative, maana yake linagusa depo, mashine ya kusaga na hisa zenu. Siku mnunuzi mkubwa ataomba cheti cha kodi, ni magunia yenu ndiyo yatabaki chini. Kwa hiyo katika mukutano mkuu unaokuja, mwanamemba mmoja, mama au baba, ainue mukono aulize hivi: mwaka gani wa mwisho tulipeleka deklarasio, na ile kopi yenye muhuri iko wapi? Na jibu liandikwe katika kitabu cha mukutano, hata kama jibu ni "hatuna".