Kuosha Chupa Ndiko Kupima

Wako wanafunzi waonao kwamba kuosha chupa za maabara ni kazi ya mtumishi, na kwamba sayansi ni kujaza tarakimu daftarini. Msomaji wangu, neno hilo nalipinga kabisa.

Tazama habari ya chuma kilichomo baharini. Katika maji ya juu ya bahari kuu, chuma cha lita moja huweza kuwa sehemu chache tu za gramu iliyogawanywa mara bilioni. Kwa miaka mingi wataalamu walipima wakaona chuma tele. Kilitoka wapi? Kilitoka katika meli zao wenyewe, kamba zao za waya na vumbi la vyumba vyao. Nyani haoni kundule!

John Martin wa Marekani na wenzake walisafisha kila chombo kwa asidi, wakajikinga na vumbi. Mwaka 1988 yeye na mwenzake walitangaza kwamba mimea midogo ya kaskazini-mashariki ya Pasifiki, chakula cha viumbe wengi, ilidumaa kwa kukosa chuma.

Basi uingiapo maabarani, shika brashi kwanza, kalamu baadaye. Aonaye haya kuosha chupa, na aone haya pia kuandika jibu.