Kabla ya snokeli, angalia rejeta: Gari kuukuu la 4x4 halifiki Chalbi kwa stika

Siku hizi kila kundi la marafiki Nairobi lina mse mmoja mwenye 4x4 kuukuu. Kuna Pajero ya miaka ya tisini, Prado za kwanza kwanza, Suzuki Sierra, au Land Rover ya babu iliyofufuliwa baada ya kulaliwa na kuku shambani miaka mingi. Na kila kundi lina ndoto ileile: kukata safari ya kaskazini, kupita Isiolo na Marsabit, kuvuka jangwa la Chalbi, kisha kuteremka Loiyangalani kuliona Ziwa Turkana. Ndoto poa sana. Kijana wa mjini anayeijua Kenya ya Thika Road pekee ameijua nusu ya nchi yake.

Tatizo ni vile tunavyoyatayarisha haya magari. Pesa ya kwanza inaenda kwa bampa la chuma. Ya pili inanunua taa za LED za kupanga juu ya keria. Ya tatu ni snokeli, ya nne ni stika ya ramani ya Afrika pale ubavuni. Gari linapigwa picha, linapata laiki, kila mtu anasema “hii sasa ni mnyama”. Huku chini ya boneti paipu za rejeta ni zile zile zilizokuja na gari likiwa jipya, wakati mwenye gari alikuwa hajazaliwa.

Wacha niseme wazi: sina ubaya na magari makuukuu. Kwa safari kama hii nitachagua Land Cruiser ya familia ya 70, ambayo ilianza kuuzwa 1984, kuliko gari la juzi lililojaa kompyuta. Gari la zamani likikataa kuwaka Laisamis, fundi wa hapo ataligonga, atalifungua, atalielewa. Hahitaji kulichomekea mashine ya kusoma makosa. Na tusidanganyane, wengi wetu hatuna ganji ya gari jipya. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepitisha miaka 8, kwa hivyo hizi 4x4 za chuma tulizo nazo ndizo hizo hizo, zinapita mkono kwa mkono. Zikitunzwa zitafika popote.

Lakini ukuukuu una sheria zake. Chuma kinaweza kudumu. Mpira haudumu. Hapo ndipo maandalizi yanafaa kuanza, na ndipo wengi wetu hatugusi.

Paipu za rejeta, mikanda ya feni, paipu za breki, bushi za chini, mipira ya kuzuia oili: vyote hivi vinazeeka hata gari likiwa limeegeshwa tu. Finya paipu ya rejeta injini ikiwa baridi. Ikiwa ngumu kama mti, au ina nyufa ndogo ndogo pale inapofungwa, siku zake zimeisha. Nairobi inaweza kuvumilia kwa sababu mji wetu uko juu, karibu mita 1,700, na kuna baridi. Gari halifanyi kazi ngumu kutoka Kasarani hadi Westlands. Lipeleke mchangani saa saba mchana, gia nzito, upepo unakuja kutoka nyuma, halafu uone kama ile paipu itakuheshimu.

Hapa kuna tabia moja ya mafundi wetu ambayo lazima niiseme. Gari likichemka, suluhisho la haraka ni “toa themostati”. Inatolewa, gari linaacha kuchemka mjini, mteja anafurahi. Kumbe ugonjwa haujatibiwa, umefichwa. Mara nyingi shida ilikuwa rejeta iliyoziba kwa kutu kwa sababu ya kujazwa maji ya mfereji miaka nenda miaka rudi, au kifuniko cha rejeta ambacho springi yake imelegea hakishiki tena presha. Themostati yenyewe unaweza kuipima jikoni: itumbukize kwenye sufuria ya maji, washa jiko, ukae uitazame. Nzuri itafunguka kabla maji hayajachemka. Ikikataa, nunua nyingine. Rejeta ipelekwe kusafishwa, ijazwe kulanti ya kweli, kifuniko kibadilishwe. Kazi hii yote huioni kwenye picha, na ndiyo itakayoamua kama mtalala Loiyangalani au kando ya barabara.

Twende kwa tairi. Kijana atakuambia, “Meno bado yako, hizi ni mpya.” Muulize zilitengenezwa lini. Kila tairi ina tarakimu nne ubavuni, ndani ya kiduara kidogo: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 3514, hiyo tairi ilitoka kiwandani wiki ya 35 ya mwaka 2014. Watengenezaji wengi wanashauri tairi litolewe likifika miaka 10 hata kama meno yanang'aa, maana mpira hukauka na kupasuka ndani kabla ya kuonekana nje. Ukinunua tairi za mitumba zenye sura nzuri bila kusoma zile tarakimu nne, umenunua sura. Na spea tairi pia ina umri, hata kama haijawahi kugusa lami.

Mchangani utahitaji kupunguza upepo, wengi hushuka hadi 20 hivi, ili tairi itanuke na ielee badala ya kuchimba. Hiyo ina maana mbili: uwe na geji ya kupimia, na uwe na pampu ya kurudisha upepo ukifika kwenye mawe. Nimeona magari yenye taa sita juu ya keria na hayana pampu hata ya baiskeli.

Halafu kuna uzito, na hapa hesabu haidanganyi. Watu wanne, kila mmoja lita 5 za maji kwa siku, siku nne: hizo ni lita 80, yaani kilo 80. Ongeza jerikeni mbili za mafuta, hema, jiko, begi za kila mtu, spea tairi ya pili, na mse mmoja ambaye lazima abebe spika kubwa. Sasa ongeza lile bampa la chuma na keria yenyewe. Springi za gari la miaka thelathini zimechoka tayari, na bado unazipachika mzigo ambao hata zikiwa mpya zingelalamika. Tena wengi hupanga vitu vizito juu ya keria, kwa sababu jerikeni zikipangwa juu zinapendeza. Gari refu lenye uzito juu hupinduka upesi kwenye mteremko. Maji na mafuta yakae chini, katikati ya gari, yafungwe yasitembee. Juu weka hema na magodoro, basi.

Najua kuna watakaosema, “Lakini magari ya Rhino Charge yana hivyo vitu vyote.” Sawa, tuongee juu ya Rhino Charge, mashindano yaliyoanza 1989 na ambayo huchangisha pesa za kulinda misitu. Pale gari linatafuta vituo 13 ndani ya saa 10 kwa umbali mfupi iwezekanavyo. Ni kazi ya siku moja, na timu ina watu wa kukimbia mbele na mafundi wanaosubiri. Wewe unaenda siku nne au tano, mamia ya kilomita, fundi wako amebaki Ngara na simu haina netiweki. Kuiga mavazi ya gari la mashindano kwa safari ndefu ni kama kuvaa viatu vya mbio za mita 100 kwenda kupanda Mlima Kenya.

Wengine watasema wazee wetu walifika huko na Land Rover bila hizi kelele zote. Kweli kabisa. Lakini waulize walibeba nini. Walibeba mkanda wa ziada, jani la springi, mirija, gundi ya pancha, waya, na dereva aliyejua kufungua kabureta gizani. Walienda polepole. Sisi tumechukua gari lao, tukaacha ujuzi wao.

Lami nayo inatudanganya. Tangu barabara ya Isiolo hadi Moyale iwekwe lami, kufika Marsabit ni kazi ya siku moja tu. Unafika ukiwa na raha, unaona umemaliza kumbe safari yenyewe haijaanza. Ukiacha ile lami kuelekea Maikona na Kalacha, barabara inageuka mawimbi kama mabati ya nyumba, na kila nati kwenye gari inaanza kujifungua. Chalbi yenyewe ni sakafu ya ziwa la kale. Mvua ikinyesha, juu panakauka haraka na kuonekana pagumu, chini pakiwa matope. Hapo hata gari la nguvu namna gani linazama hadi ekseli. Safari ya Aprili au Novemba, miezi ya mvua, si ujasiri.

Kwa nini nalichukulia hili jambo kwa uzito? Kwa sababu mbili.

Kwanza, siku hizi hatuendi peke yetu. Tunauza viti. “Chalbi siku nne, chakula na hema juu yetu, lipa kwa simu.” Dada mmoja wa ofisini Upper Hill anatuma pesa zake, anaomba likizo, anapanda gari lako akiamini. Hajui kusoma tarehe ya tairi, na wala si kazi yake. Ukishapokea nauli, wewe si mse wa kujibamba tena. Wewe ni dereva wa abiria, na roho za watu wanne au watano ziko juu ya paipu usiyoifinya.

Pili, kuna wenyeji. Gari likikufia karibu na North Horr, anayekuja kukuokoa ni Mgabra aliyeacha ngamia wake. Maji utakayopewa yametolewa kisimani na kubebwa mbali na mama wa watu. Watakupa, kwa sababu ni watu wa heshima na jangwa limewafunza kutomwacha mgeni. Lakini kuingia nyumbani kwa mtu mwenye maji machache huku umejaza keria taa badala ya maji ni kukosa adabu. Hatujaliita hivyo, ila ndilo jina lake.

Basi pesa kidogo uliyo nayo iende wapi? Maoni yangu ni haya. Anza na kupoza injini: rejeta, kifuniko, paipu, mikanda. Kisha breki na maji yake, ambayo hunyonya unyevu na hufaa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Kisha beringi za magurudumu zifunguliwe, zioshwe, zitiwe grisi mpya. Oili ya gia na ya difu imwagwe. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Tairi baada ya hapo. Vichujio vya mafuta viwili vya ziada, kwa sababu dizeli ya kwenye mapipa huja na uchafu wake. Ukibakiwa na pesa, nunua koleo, pampu na kamba imara ya kuvuta. Ukibakiwa tena, nunua taa, sina neno. Spea utazipata Kirinyaga Road, ila nenda na fundi anayejua kutofautisha ya kweli na feki. Spea feki hufanana na ya kweli hadi siku ile unaihitaji.

Halafu lijaribu. Usiondoke gereji moja kwa moja kwenda Marsabit. Jaza gari mzigo wote, watu wote, teremkeni Magadi. Ni kama kilomita 110 tu kutoka mjini, lakini mnashuka hadi joto kali, na kurudi ni kupanda mlima na mzigo. Kama kuna paipu ya kupasuka, ipasuke huko, ambapo fundi wa Kiserian anaweza kuja na bodaboda. Mkiwa huko, tumieni gia ya magurudumu manne, ile ndogo kabisa. Kuna magari mengi ya 4x4 mtaani ambayo hicho kigingi hakijasogezwa miaka, na siku ya matope kinakataa. Mkirudi, kaza nati zote upya. Fanya hivyo pia kila jioni huko safarini, kabla ya kuwasha moto wa nyama.

Na gari lisiende peke yake. Mawili ni kidogo, lakini yanatosha. Mtu mmoja nyumbani awe na njia mtakayopita na siku mtakayorudi, ili kukiwa kimya ajue pa kuanzia.

Kwa hivyo Jumamosi hii, kabla hujalipia stika nyingine, fungua boneti. Finya paipu. Soma zile tarakimu nne kwenye tairi zote tano. Ingiza gia ya magurudumu manne mahali penye vumbi. Dakika ishirini tu, bure. Ukikuta yote yako sawa, tangaza safari, na kiti kimoja niwekee mimi. Nauli nitalipa, spika muache.