Wapiga Ramli wa Bunge

Nina ugomvi na wapiga ramli. Sisemi wale wa kombe na ubani, hao wana wateja wao. Nasema hawa vijana wenzangu wasoma magazeti ambao, muswada ukitajwa tu, wanaanza kuhesabu vidole: umesomwa mara ya kwanza, bado ya pili, kamati, ya tatu, basi, sheria hiyo! Eti kwa kuwa mabunge yetu yalirithi utaratibu wa Waingereza, kila mtu fundi.

Haya, tuwachukue Waingereza wenyewe. Oktoba 2023 Waziri Mkuu Rishi Sunak alitangaza kwamba aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 2009 asiuziwe sigara maisha yake yote. Asiuziwe, jamani, kuvuta kwenyewe hakukukatazwa. Tarehe 16 Aprili 2024 muswada ukapigiwa kura katika Bunge la Makabwela: 383 waliukubali, 67 waliukataa, na 57 kati ya hao ni wa chama chake mwenyewe. Nani asingebashiri ushindi? Siku 36 baadaye bwana huyo huyo akasimama kwenye mvua akaitisha uchaguzi. Bunge likafungwa, muswada ukafa. Haukuuawa na wapinzani wala na wenye viwanda. Uliuawa na kalenda, na kalenda aliishika baba yake mzazi.

Labour wakaingia, wakauleta upya Novemba mwaka huo. Kura 415 kwa 47. Machi 2025 ukasomwa mara ya tatu, 366 kwa 41, ukapelekwa kwa Malodi. Wapiga ramli wakachangamka tena! Malodi wakaujadili Aprili, kisha kamati yao ikaanza kazi Oktoba. Mwaka 2025 ukaisha, muswada ungali mikononi mwao. Kumbe wingi wa kura ulikuwa haukwambii kitu kuhusu tarehe.

Hata sheria ikishapita usipige vigelegele. New Zealand waliipitisha Desemba 2022, na mwaka wao wa mpaka ulikuwa huo huo, 2009. Ilikuwa ianze kumgusa kijana wa kwanza mwaka 2027. Uchaguzi wa 2023 ukabadilisha serikali, na Februari 2024 ikafutwa kwa hati ya dharura, wananchi hata kuitwa mbele ya kamati kutoa maoni hawakuitwa. Serikali mpya haikuficha kwamba fedha za kodi ya sigara zingesaidia kupunguza kodi nyingine. Mnaona? Sheria inayongoja miaka kabla ya kuuma ni rahisi kuizika, maana hakuna mpiga kura aliyekwisha kuinyimwa fegi wala aliyekwisha kuponea.

Ndiyo maana utabiri huu unaniudhi. Mtu akishaambiwa "huo utapita tu" anakwenda kulala. Haandiki barua, hamsumbui mbunge wake, na wenye viwanda hawalali, ng'o! Muswada unafanywa kama mechi ya mpira, wakati mwenye kulipa ni mtoto wa shule anayefundishwa kuvuta nyuma ya choo, asiyeruhusiwa bado hata kupiga kura.

Maldives waliianza yao tarehe 1 Novemba 2025, kwa waliozaliwa tangu 2007. Wapiga ramli wetu hata hawakuitaja. Walikuwa London, wanahesabu vidole. Nikikutana nao nitawauliza swali moja tu: huko uchaguzi lini, na nani ana haki ya kuuitisha?