Paka Naye Ana Sura Yake

Wako watakaocheka wakisikia kwamba mtu mzima, mkazi wa Chaani, amemlipa fundi amchoree paka. Mtu huyo ni mimi. Paka wetu aliishi nasi miaka 11, na alipokufa nilimwendea fundi anayeandika mabango ya vinyozi na mikahawa mtaani, nikampa picha mbili za simu na nusu ya malipo. Tangu hapo majirani wananiuliza maswali mawili, na yote mawili yanastahili jibu.

Swali la kwanza ni la fedha. Chaani ni mtaa wa vibarua wa bandarini, madereva wa malori na watu waliowahi kuajiriwa katika kiwanda cha mafuta cha Changamwe, kilichokoma kusafisha mafuta mwaka 2013. Je, si israfu kumgharimia mnyama aliyekwisha kufa? La hasha! Paka hakupokea hata senti. Aliyepokea ni fundi, mwenye kodi ya nyumba na watoto wa kulisha, ambaye riziki yake inamezwa na mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine. Mcheza kwao hutuzwa. Nasi tukingoja wageni ndio wamtuze, tusishangae akiweka brashi chini.

Swali la pili ni zito zaidi, nalo limo katika lugha yenyewe. Neno sanamu tumelipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni kitu kinachoabudiwa; hata hivyo, Waswahili wa zamani waliliita hivyo hata umbo lililochorwa karatasini. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanakataza kuchora viumbe wenye roho, na jirani anayeshika rai hiyo ninamheshimu. Ninalolipinga ni dai kwamba kumpenda paka kiasi hiki ni uzungu. Mbona sahaba mashuhuri wa Mtume alipata lakabu ya Abu Huraira kwa sababu ya paka wake?

Sarufi nayo inatoa ushahidi. Husemi "paka hii imelala", bali "paka huyu amelala". Kiswahili kilimpa paka upatanisho ule ule anaopewa mtu, kabla hajatokea yeyote wa kumchora.

Ama kuhusu wachoraji, Afrika Mashariki haikosi mabingwa wa kuchora wanyama. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 jijini Dar es Salaam kuchora ndege na chui kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, lakini jina lake likawa jina la mtindo mzima. Hata hivyo, chui wa michoro ile ni chui yeyote, na mnunuzi, aghalabu mtalii, hakupata kumjua. Malkia Victoria wa Uingereza alipomwagiza Edwin Landseer mwaka 1841 amchore Eos, mbwa wa mumewe, hakutaka mbwa yeyote. Alimtaka Eos.

Hapo ndipo penye kazi. Mchoro wa kwanza wa fundi wangu ulikuwa wa paka mzuri wa kalenda. Nikamweleza kwamba wetu alichanika sikio la kushoto, na jicho moja alilifumba kidogo kila alipotazama mtu. Fundi akazirudia zile picha, akazitazama kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akaanza upya. Safari hii watoto walimtambua kabla sijawaambia kitu.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na mnyama umpendaye, mpige picha angali hai, ya uso na ya ubavuni, mchana penye mwanga. Mweleze fundi alama zake. Mpatane bei mapema, na usimpunje: usione vyaelea, vimeundwa. Fundi aliyezoea kuandika "Kinyozi" na "Chai Moto" anao mkono wa kuchora sura ya kiumbe mmoja asiyefanana na mwingine. Anachokosa ni mteja wa kumwambia aitazame.